Baba Mkwe wa Kiti cha Mbele

Mkono ulitoka kiti cha mbele, ukapita juu ya mgongo wa kiti, ukamwekea Paskalina kiatu cha mtoto kiganjani.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita. Uso ameugeuzia dirishani, kanga imemfunika hadi puani, mtoto Sekela amelala mapajani, na vidole vya baba mkwe vimegusa vidole vyake.

Utasema, kiatu tu, kina nini? Basi wewe hujaolewa Unyakyusa.

Paskalina ni Mhehe wa Mafinga. Alipoolewa na Lusekelo, mama mkwe wake alimketisha jikoni Tukuyu, akamweleza mambo ya nyumba ile huku akimenya ndizi.

"Mwanangu, baba yenu humtazami usoni. Jina lake hulitamki. Akiwa na kitu chako, hakupi mkononi. Anakiweka chini, anaondoka, ndipo unaokota. Na yeye hivyo hivyo kwako. Mkikutana njiani, kila mtu na kichaka chake."

Paskalina alicheka siku ile. Baadaye alilia, kwa sababu si rahisi kuishi na mtu unayemjua kwa viatu na kikohozi tu. Lakini alijifunza. Alijifunza vizuri mpaka mawifi wakasema, huyu Mhehe ametushinda wenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ile, Lusekelo alipoegesha gari Uyole na kusema, "Baba anakwenda Karonga kwa dada yake, tumsogeze, koo linamsumbua haongei," Paskalina hakuuliza. Alihamia kiti cha nyuma na mtoto wake, akajifunika, akatazama nje. Mzee mrefu mwenye kofia pana na shali shingoni akapanda mbele.

Sasa mzee huyo huyo alikuwa amempa kiatu mkononi, kama mtu anayerudisha chenji dukani.

"Asante, baba," Paskalina alisema kwa sauti ndogo.

Mzee alitikisa kofia.

Paskalina akaanza kufikiri haraka. Labda uzee. Mtu mzima anaweza kusahau miwani yake, anaweza kusahau jina la mjukuu. Lakini mkono wa mkwe? Mzee ambaye mwaka jana alikaa nje kwenye mvua mpaka akaloa, kwa sababu mkwe wake alikuwa sebuleni na hapakuwa na mlango mwingine wa kumpitisha?

Alimwomba radhi mama mkwe kimoyomoyo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

"Mume wangu," alisema, "Mzee Ambokile hasikii joto na shali lile?"

Gari liliyumba. Lusekelo alikanyaga breki, lori la nyuma likapiga honi ndefu ya hasira.

"Paskalina. Umesema nini?"

"Nimeuliza kuhusu Mzee Ambokile."

Jasho lilimchuruzika Lusekelo shingoni hadi kwenye kola. Lakini hakuwa yeye ambaye Paskalina alikuwa anamwangalia. Alikuwa anaangalia ile kofia pana.

Kofia haikugeuka. Mzee hakukohoa, hakuguna, hakushika mlango. Jina lake limetamkwa na mke wa mwanawe, ndani ya gari moja, mchana kweupe, na yeye anatafuna karanga.

Paskalina akashusha kanga. Kwa mara ya kwanza tangu Uyole aligeuza uso mbele, akamtazama mtu yule kwenye kioo cha dereva.

Alimfahamu mara moja.

"Didas," alisema.

Mtu yule akafungua shali, akavuta pumzi kama aliyekuwa amefungiwa stoo. "Marahaba, mkwe wangu. Leo ule mwiko umeuacha nyumbani?"

Msomaji wa siku nyingi unamkumbuka Didas. Aliyejiunga leo nitamweleza kwa haraka. Ni dalali wa Mwanjelwa, mnunuzi wa magari ya kale, na mara tatu alikuja Mafinga kulitaka gari hili. Mara ya tatu Paskalina alimtoa nje ya geti na mwiko wa ugali, ugali ukiwa bado juu yake.

Na gari lenyewe ni Peugeot 404, Pijo ya rangi ya maziwa, gia zake kwenye usukani. Marehemu baba yake Paskalina, Mzee Sifaeli, alilipenda mpaka mama akalipa jina: Bibi Mdogo. Alipokuwa anafariki, mtoto wa kiume alimwachia shamba la misonobari. Paskalina akamwachia Bibi Mdogo.

Leo maharusi wa kutoka Makambako hadi Iringa mjini wanaligombania. Bibi harusi haoni fahari kushuka kwenye gari ambalo kila mtu analo. Lile gari ndilo linalomvisha Sekela. Lile gari ndilo lililomlipia Paskalina masomo ya jioni, akamaliza kidato cha nne akiwa na mtoto mgongoni. Ndilo ofisi yake, ndilo baba yake.

Ndiyo maana alikubali safari. Wenye magari ya kale walikuwa wametangaza msafara kutoka Iringa, kupita Mbeya, kuvuka mpaka Kasumulu hadi ziwani Karonga, na kurudi Jumapili. Lusekelo ndiye aliyeleta habari. "Utapigwa picha, mke wangu. Wateja watakutafuta mpaka Malawi." Paskalina alikesha akimwosha Bibi Mdogo kama anayemwandaa kwenda kanisani.

"Ulisema ni baba yako," alimwambia mumewe sasa.

"Mama Sekela, tulia kwanza. Nilitaka nikueleze tukishavuka."

"Unieleze nini?"

Didas ndiye aliyejibu, huku anatoa ganda la karanga kwenye jino.

"Kwamba gari imeuzwa, dada. Kuna tajiri anakusanya Pijo za zamani, anasubiri ng'ambo ya daraja. Anataka niisikilize injini njia nzima, nimhakikishie. Sasa mimi ningepandaje humu? Ukiniona tu, mwiko. Mumeo akaniambia, hilo dogo, wewe kuwa baba yangu. Hatakutazama hata mara moja."

Paskalina alimvuta Sekela kifuani.

Gari unaweza kuibiwa. Watu wanaibiwa kila siku. Lakini heshima ile aliyojifunza kwa machozi, akiacha ya kwao, akiipokea ya watu kwa sababu ya mapenzi, ndiyo waliyoichukua wakamfungia nayo macho. Hilo lilimwingia mahali ambapo gari halifiki.

"Lusekelo, nitazame."

"Naendesha."

"Nitazame kwenye kioo, kama mimi nilivyomtazama baba yako."

Hakumtazama. "Nilifanya kwa ajili yetu," alisema. "Tutanunua Noah. Gari ya maana, ya kisasa, viti saba. Harusi ni za msimu, mke wangu."

"Na ndoa yako? Ni ya msimu pia?"

Didas alicheka, kisha alipoona anacheka peke yake, akarudi kwenye karanga zake.

"Kama ni kuuza," Paskalina alisema, "ungeniacha nyumbani ukauza."

"Pale mpakani wanamtaka mwenye gari."

"Kwa hiyo hukunileta kupigwa picha. Umenileta kama mtu anavyobeba ufunguo."

"Utaulizwa swali moja tu. Gari ni lako? Utasema ndiyo. Basi."

Walikuwa wameshateremka bondeni. Joto la Kyela liliingia madirishani, na mbele yao ikaonekana foleni ya malori ya Kasumulu. Paskalina alimvalisha mwanawe kiatu, taratibu, akafunga kamba vizuri. Alipoinua uso alikuwa mpole kabisa.

"Sawa," alisema.

Lusekelo alishusha mabega. Maskini, alidhani ameeleweka.

*

Mpakani palikuwa na kelele zake za kila siku. Wabadilisha fedha wakipunga noti, madereva wa malori wakinawa uso kwa maji ya chupa, akina mama wa Kyela na mabeseni ya mchele na ndizi pembeni mwa barabara. Magari mengine ya msafara yalikuwa yameshavuka.

Didas alishuka, akajinyoosha, akaenda kununua ndizi akiwa bado na koti la kizee na kofia yake.

"Nipe kadi ya gari," Lusekelo alisema.

Paskalina alifungua pochi akampa. Akili yake yote ilikuwa kwenye kitu kingine, kile kilichokuwa kinaning'inia kwenye kidole cha mumewe. Ufunguo.

Waliifikia foleni ya dirishani. Mbele yao watu wachache tu. Paskalina alimnusa mtoto, akakunja uso.

"Sekela amejichafua."

"Saa hii?"

"Mwambie yeye asubiri."

"Mke wangu, tunakaribia dirisha."

"Basi mshike wewe umwingize kwa afisa hivyo hivyo. Nepi ziko kwenye buti. Nipe funguo."

Lusekelo alimtazama mtoto, akatazama shati lake jeupe, akatoa ufunguo. "Fanya haraka."

"Nafanya haraka sana," Paskalina alisema, na hapo, msomaji, hakudanganya.

Kwa habari ya Sekela, mtoto wa watu alikuwa msafi kama sahani ya wageni.

Paskalina alitembea. Hakukimbia, maana anayekimbia mpakani anaitwa. Alifika kwenye gari, akamkalisha Sekela kiti cha mbele, kile kile cha baba mkwe, akamzungushia kanga na kumfunga kwenye mgongo wa kiti. Karanga zilikuwa bado zimemwagika pale. Akaingia upande wa dereva.

Mzee Sifaeli alimfundisha kuendesha kwenye njia za msitu wa Sao Hill, akiwa msichana wa shule, miguu haifiki vizuri. "Gia hii hailazimishwi," alikuwa anamwambia. "Inabembelezwa."

Aliibembeleza. Bibi Mdogo akanguruma.

Didas alisikia sauti ile kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliziacha ndizi, akaruka mtaro, akaja mbio akishika kofia. "We mwanamke! Zima hiyo!"

Gari lilikuwa bado linageuka, na nyuma yake lori, na mbele yake mabeseni ya mchele. Didas alifika dirishani, akaingiza mkono, akamshika Paskalina kwenye kiwiko.

Paskalina hakupiga kelele za mwizi. Angepiga za mwizi, wangemuuliza maswali. Aliwatazama akina mama wa mabeseni, akasema kwa sauti ya kulia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kuigiza:

"Mama zangu, niokoeni. Huyu ni baba mkwe wangu, amenishika mkono."

Vichwa viligeuka.

Mama mmoja mnene aliweka beseni chini. Wa pili akaweka. Ukiwa Kyela unaweza kufanya mengi watu wakakuvumilia, lakini mzee wa kofia na koti kumkimbiza mke wa mwanawe barabarani na kumtia mkononi, hilo halina mvumilivu.

"Baba, mwachie," mama mnene alisema.

"Mama, mimi si baba mkwe wake."

"Kumbe nani wake?"

"Mimi ni, mimi ni dalali."

"Dalali wa wake za watu? Jamani, njooni mumwone dalali wa wanawake."

Walimzunguka. Mmoja alimvua kofia, mwingine akamshika shali kwa nyuma kama anayeshika mbuzi. Mkono ulitoka dirishani. Paskalina aliona kwenye kioo Lusekelo akitoka mbio ofisini, kadi mkononi, mdomo wazi, na akina mama wakimwonyesha: "Baba yako huyu? Mbona humfundishi?"

Bibi Mdogo alikata kona, akaelekea Tukuyu.

*

Alilia kwanza. Alilia kilomita kadhaa bila kupunguza mwendo, na Sekela, aliyefungwa kama mzigo wa thamani, akamtazama na kuanza kumpigia makofi.

"Unanicheka, mama yangu?" Paskalina alimwambia. "Cheka. Mmoja wetu acheke."

Kisha akapiga simu. Kuna mtu mmoja tu ambaye mwanamke wa Kihehe humpigia akivunjikiwa na ndoa ugenini, naye ni ndugu wa tumbo moja. Nashoni, kaka yake, aliyerithi shamba la misonobari, anayepeleka mbao mpaka Mbeya. Aliiweka simu mapajani, sauti ya juu.

"Kamwene, Paskalina," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kaka, uko wapi?"

"Nimeshusha mbao Tukuyu. Mbona sauti hivyo?"

Alimweleza yote. Shali, karanga, tajiri wa ng'ambo. Nashoni alimsikiliza mpaka mwisho.

"Yule mjinga," hatimaye alisema. "Gari la baba?"

"Gari la baba, kaka."

"Unapita njia kuu?"

"Ndiyo."

"Usikate Kyela mjini, watakufuata huko. Panda moja kwa moja. Nitakusubiri kwenye kona ya mashamba ya chai, kabla hujaingia Tukuyu. Umesikia? Usisimame kwa mtu mwingine."

"Nimesikia. Mungu akubariki, kaka."

Simu ikakata. Dunia ikarudi kuwa na sakafu.

Barabara ilianza kupanda. Mshale wa joto la injini ukaanza kupanda nao. Paskalina alifungua hita ili injini ipumue, joto la tanuri likajaa miguuni, mtoto akalalamika, lakini mshale ukatulia, ukasita, ukarudi kidogo. "Hivyo hivyo, Bibi Mdogo. Twende kwa kaka."

Alianza kupanga. Angelala kwa mama Mafinga. Jumamosi ijayo kuna harusi Ifunda, bibi harusi Joyness, ameshaomba gari lipambwe maua meupe. Angelipamba. Angemrudishia mama mkwe wake kanga zake kwa heshima, na kumwomba radhi kwa lile jina alilolitamka. Sekela angekua, angejua kuendesha. Ukungu wa Rungwe ulishuka juu ya chai, baridi tamu ikaingia, na Paskalina akajikuta ana tabasamu.

Kwenye kona, gari la trafiki lilikuwa limeegeshwa. Askari mwanamke aliingia barabarani akanyoosha mkono.

Paskalina angeogopa, lakini pembeni ya askari, koti limejaa vumbi la mbao, alikuwa amesimama Nashoni. Amefika kabla yake. Amemletea hadi askari wa kumlinda.

Alisimamisha, akateremsha kioo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Zima gari, mama. Tumepokea taarifa kwamba gari hili limechukuliwa Kasumulu bila ridhaa ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, afande. Waliotaka kulichukua ni wao."

"Kadi iko wapi?"

Mkono wa Paskalina uliingia kwenye pochi kabla akili haijamfikia. Kisha ukatulia humo ndani. Kadi alikuwa ameitoa yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa anatamani ufunguo.

"Anayo mume wangu," alisema. "Lakini afande, sihitaji kadi. Huyu hapo ni kaka yangu, tumbo moja. Baba yetu alipolitamka gari hili kuwa langu, kaka huyu ndiye aliyekuwa ameushika mkono wake. Muulize yeye."

Askari alikuwa mtu wa haki. Aliligeukia koti la vumbi.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo, afande."

"Unalijua hili gari?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Ni la nani?"

Paskalina alimtazama kaka yake kwa macho ya mtu aliyekwisha kufika nyumbani. Hata alianza kumfungulia Sekela kanga, mjomba ambebe.

Nashoni alitazama majani ya chai. Alitazama viatu vyake.

"La shemeji yangu, afande. Lusekelo."

"Kaka."

"Dada yangu siku hizi kichwa hakijatulia," Nashoni aliendelea, taratibu, bila kumtazama, kama mtu anayesoma maneno aliyofundishwa na shemeji yake kwenye simu. "Anaendesha anaongea na gari. Gari si kitu, afande. Mtoeni mtoto kwanza."